Tangawizi ya kwenye ndoo: Daudi ianze na mbegu, soko baadaye

MKULIMA wa Daudi, wilayani Mbulu, anaijua pesa ya kitunguu saumu. Anaujua msimu ambao gunia lililipa ada na kuezeka nyumba kwa bati, na anaujua msimu ambao mzigo ulirundikana kwa kuwa kila mtu alivuna wakati mmoja, dalali akawa ndiye mpanga bei. Haishangazi basi kwamba linapotajwa zao jingine lenye bei nzuri, watu husogeza viti karibu.

Moja ya mazao hayo ni tangawizi, na hasa tangawizi ya kupandwa nyumbani kwenye ndoo, viroba na madumu yaliyokatwa. Maelezo yake yanavutia. Huambiwa kwamba shamba halihitajiki, palizi ni ndogo, kilo dukani ni ghali, na mwenye viroba 100 uani ameshaukata umaskini. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Sehemu iliyobaki inaweza kuondoka na ada ya mtoto.

Kwa kaya ya Daudi, ndoo ya tangawizi ina faida, tena kubwa, lakini faida hiyo haipatikani kwenye mizani ya mnunuzi. Inapatikana katika mambo matatu: tangawizi ya jikoni, mbegu safi ya mkulima mwenyewe, na jibu la swali ambalo hakuna mtu anayeweza kulijibu kwa maneno matupu, yaani kama zao hili litaivumilia baridi ya Mbulu. Anayeanza na mambo haya matatu hatapoteza kitu. Anayeanza na soko anaweza kupoteza mtaji wa miaka.

Baridi inayopendwa na saumu

Nyanda za Mbulu ziko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai mtu hulala na mablanketi mawili. Baridi hiyo ndiyo inayokifanya kitunguu saumu kifunge vizuri na kuwa na punje kubwa. Ni neema ya mahali, na wakulima wa Mbulu wameitumia vyema.

Tangawizi ni mmea wa joto. Hustawi zaidi panapokuwa na joto la nyuzi kati ya 25 na 30, unyevu wa kutosha, kivuli chepesi na udongo mwepesi wenye mboji usiotuamisha maji. Joto likishuka sana hudumaa, na udongo ukiwa wa baridi na maji kwa pamoja, tunguu huoza. Kwa maneno mengine, hali ya hewa iliyoipa Mbulu saumu ndiyo inayoitia tangawizi mashaka. Huo si uvumi wa kukatisha tamaa, ni tabia ya mmea wenyewe.

Hapo ndipo ndoo inapopata maana yake. Shamba halihamishiki, lakini kiroba kinahamishika. Kinaweza kuegemezwa kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi, kikasogezwa kivulini mchana wa Februari, na kikaingizwa stoo au pembeni mwa jiko usiku wa baridi. Udongo wa ndani ya kiroba hupata joto upesi kuliko ardhi ya shambani. Mkulima anapata nafasi ya kulijaribu zao bila kugusa hata hatua moja ya ardhi yake ya mahindi, maharage au saumu.

Jaribio hilo ni la lazima. Huko Mamba Myamba, wilayani Same, katika milima ya Upare, wakulima wamelima tangawizi kwa miaka mingi, na mwaka 2012 kiwanda cha kuisindika kilizinduliwa huko. Ni makosa kudhani kwamba kwa kuwa Same ni milimani na Mbulu ni milimani, basi hali ni moja. Mabonde ya Upare yana joto lake, mifereji yake na uzoefu wake. Same imeshajibu swali lake. Daudi bado haijajibu la kwake.

Hesabu ya viroba kumi

Ichukuliwe kaya moja yenye viroba kumi vya ujazo wa debe moja kila kimoja. Kila kiroba kipandwe vipande vitatu vya gramu 40. Jumla ya mbegu ni kilo 1.2. Kama kila kiroba kitatunzwa vizuri na kutoa kilo moja, mavuno ni kilo 10 baada ya miezi minane au tisa. Wapo watakaopata zaidi, na wapo watakaopata nusu yake.

Kwa mfano wa bei ya sh 3,000 kwa kilo, mavuno hayo yana thamani ya sh 30,000. Sasa zitolewe gharama. Mbegu ya kilo 1.2 ni sh 3,600. Viroba vilivyotumika, kwa sh 500 kila kimoja, ni sh 5,000. Maji nayo yasisahaulike: viroba kumi vikinywa lita 10 kwa siku, kwa siku 60 zisizo na mvua, ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Penye maji ya kununua kwa sh 200 kwa ndoo, hiyo ni sh 6,000. Samadi na udongo vihesabiwe bure kwa kuwa viko nyumbani. Kinachobaki ni sh 15,400 kwa miezi tisa, kabla ya kulipa hata senti kwa ajili ya mikono iliyochota maji na kuchanganya udongo.

Kila msomaji aweke bei za kwake, matokeo hayatabadilika sana. Fedha hiyo ni halali lakini si biashara ya kulisha kaya. Na mtu asiseme kwamba ataongeza viroba vifike 1,000. Viroba 1,000 vinahitaji mbegu kilo 120, lita 1,000 za maji kwa siku ya ukame, na udongo wa kujaza lori. Aliyefika huko anabeba gharama za shamba bila kupata unafuu wa shamba.

Lakini hesabu ileile ikipigwa kwa upande wa jikoni, sura inabadilika. Kaya inayonunua fungu la tangawizi kila wiki kwa ajili ya chai, mboga na mafua ya watoto hutoa fedha taslimu kidogo kidogo mwaka mzima bila kuziona. Fedha taslimu ndiyo adimu zaidi kijijini, hasa kati ya Januari na Machi. Shilingi isiyotoka nyumbani haikatwi ushuru wala haimsubiri dalali.

Kiroba kina faida nyingine ambayo mizani haiioni. Tangawizi iliyong'olewa husinyaa na kupoteza uzito siku hadi siku. Iliyoachwa ndani ya udongo mkavu baada ya majani kufa hukaa wiki nyingi ikiwa nzima. Daudi ina bahati hapa, kwa kuwa majani hunyauka karibu na Juni, wakati mvua zimeshakatika. Kiroba kikisogezwa chini ya paa kisiguswe na maji, mama hufukua kidole kimoja leo na kingine wiki ijayo. Ni ghala lisilo na kodi.

Mbegu ndiyo mtaji

Tangawizi haipandwi kwa punje kama mahindi. Hupandwa kwa vipande vya tunguu lenyewe, na kile kinacholiwa ndicho kinachopandwa. Jambo hilo lina matokeo mawili mazito kwa mfuko wa mkulima.

Tokeo la kwanza ni gharama. Eka moja ya tangawizi huhitaji mbegu ya takriban kilo 600 hadi 700. Kwa mfano wetu wa sh 3,000 kwa kilo, hiyo ni karibu sh milioni mbili kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Mbegu ya mahindi au maharage haidai fedha nyingi hivyo. Kwa sababu hiyo, kila tangawizi inapopata sifa, wa kwanza kupata faida ni muuza mbegu. Yeye hulipwa siku ya kupanda, mkulima husubiri miezi tisa.

Mifano ya namna hiyo ipo. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, Kenya ilipatwa na homa ya ufugaji wa kware. Waliotangulia waliwauzia wageni mayai ya kutotolesha na vifaranga kwa bei ya juu. Walaji walikuwa wachache kuliko wafugaji, na bei ilipoporomoka, waliochelewa kuingia walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Kware hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuhesabu bei ya mbegu kana kwamba ni bei ya chakula.

Vivyo hivyo, mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, tangawizi na malimao vilitafutwa kila kona na bei ilipanda. Aliyenunua mbegu kwa bei ya msimu kama ule hakuwa na hakika ya kuuza kwa bei hiyohiyo, kwa sababu kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi tisa, na wakulima wengine nao wanakuwa wamepanda.

Tokeo la pili ni magonjwa. Kipande cha mbegu kinaweza kuonekana safi kumbe ndani kina vimelea vya mnyauko bakteria, kuoza kwa tunguu au minyoo fundo. Vikiingia ardhini, mnyauko bakteria hasa, havitoki kwa urahisi. Mwaka 2023 wakulima wa kusini mwa jimbo la Kaduna nchini Nigeria, nchi iliyo kati ya wazalishaji wakubwa wa tangawizi duniani, waliona mashamba yao yakinyauka kwa kasi na hasara ikawa kubwa. Wale ni wazoefu wa vizazi. Mgeni wa zao hili anayenunua gunia la mbegu asilojua lilikotoka anacheza kamari kwa ardhi ya wanawe.

Dawa ya matokeo yote mawili imeshapatikana, na ni ndoo hiyohiyo. Huko Hawaii, ambako mnyauko bakteria uliwatesa wakulima wa tangawizi, wataalamu wa chuo kikuu cha visiwa hivyo walichapisha mwongozo mwaka 2004 wa kukuza mbegu isiyo na ugonjwa ndani ya vyombo, kwa udongo uliotengenezwa, mbali kabisa na ardhi ya shamba. Hawakutumia vyombo kwa kukosa ardhi. Walivitumia ili kupata mbegu safi.

Irudiwe sasa hesabu ya viroba kumi kwa jicho hilo. Kati ya kilo 10, kaya ile kilo 4 na kuhifadhi kilo 6 za mbegu. Msimu wa pili, kilo 6 zinatosha kitalu cha mita 4 kwa 9 karibu na nyumba. Kikizaa mara sita ya mbegu, ni kilo 36. Msimu wa tatu kilo hizo zikipandwa zote zikazaa vilevile, ni kilo 216, ambazo msimu wa nne zinatosha karibu theluthi ya eka. Kununua kilo 216 za mbegu kwa bei ya mfano wetu ni sh 648,000. Mkulima huyu alitoa sh 3,600 tu kwa ajili ya mbegu, na njiani amejifunza zao, ameona kama baridi inalikubali, na anajua mbegu yake imezaliwa wapi. Kama msimu wa kwanza umekataa, amepoteza viroba kumi na hajapoteza heshima ya nyumba yake.

Namna ya kuanza

Mbegu ichaguliwe nene, yenye ngozi inayong'aa na macho yanayoonekana, isiyosinyaa wala kulainika. Ni bora inunuliwe kwa mkulima ambaye shamba lake limeonekana likiwa la kijani kuliko kuokotwa sokoni. Ikatwe vipande vyenye jicho moja au mawili kwa kisu kilichosafishwa, ipakwe majivu na kuachwa siku mbili au tatu vidonda vikauke. Kwa Daudi, vipande viamshwe mwezi Septemba au Oktoba ndani ya kikapu chenye udongo wenye unyevu kidogo, karibu na joto la jiko. Vikichipua, vipandwe mvua zinapokaribia, ili miezi ya joto na mvua iwe ndiyo miezi ya kukua na baridi ya Juni ikute zao limekomaa.

Kuhusu udongo, wakazi wa Mbulu hawahitaji kufundishwa thamani ya samadi. Wairaqw wa Kainam na maeneo jirani wamejulikana kwa vizazi kwa kutunza udongo wa milimani kwa samadi na makinga maji. Tofauti hapa ni moja: samadi mbichi huunguza na kuozesha tangawizi, kwa hiyo itumike ile iliyooza kabisa, isiyo na harufu wala joto. Sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi na moja ya mchanga hutosha. Udongo uliotoka kwenye shamba ambalo nyanya au viazi mviringo viliwahi kunyauka usitumike kamwe.

Chombo kiwe kipana kuliko kirefu, kwa sababu tunguu hutambaa pembeni. Kitobolewe matundu chini, kwani maji yanayotuama huua tangawizi kuliko kiu. Madumu na makopo yaliyowahi kubeba viuatilifu au dawa za kuogeshea mifugo yasitumike hata yakioshwa mara kumi. Vipande vifukiwe sentimita tano hivi, udongo uongezwe kadiri mashina yanavyopanda, na juu yawekwe matandazo ya majani makavu. Kiroba ambacho mmea wake umenyauka ghafla ukiwa bado kijani kitolewe nyumbani mara moja, na udongo wake usimwagwe bustanini.

Wafanyabiashara nao

Mfanyabiashara mdogo wa Daudi anayeuza tangawizi kwa fungu ana hesabu yake. Mzigo wake umesafiri, umelipiwa nauli, na kila siku unaokaa mezani unapungua uzito. Yeye ndiye mteja wa kwanza wa kweli wa mkulima wa viroba, kwa sababu anaweza kununua kilo mbili zilizong'olewa asubuhi ileile na kuziuza kabla hazijasinyaa. Mama lishe na mwenye kijiwe cha chai ni wateja wa pili. Soko hilo ni dogo lakini liko jirani, na uzito wake unaweza kujulikana kwa kuwauliza tu: kwa wiki unanunua kilo ngapi, na kwa bei gani?

Soko la Arusha ni jambo jingine. Mnunuzi wa huko anao wakulima wa Same, ambao wana uzoefu na mzigo mkubwa. Daudi haitashindana nao kwa viroba, na itawachukua muda kushindana nao hata kwa mashamba. Anayehubiri soko la mbali kabla ya kilo ya kwanza kupimwa hajawatakia mema wasikilizaji wake.

Kwa vikundi vinavyofikiria kuchukua mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri au kuchota akiba ya VICOBA kwa ajili ya tangawizi, ushauri ni mmoja: mkopo unaoanza kurejeshwa kabla ya miezi tisa haulingani na zao la miezi tisa. Fedha ya kikundi isubiri msimu wa majaribio.

Maofisa ugani wa Halmashauri ya Mji wa Mbulu nao wana nafasi ya kufanya kazi yenye tija kwa gharama ndogo. Kaya kumi, kila moja viroba kumi, mbegu kutoka chanzo kimoja kinachojulikana, daftari moja la kuandika tarehe ya kupanda, maji yaliyotumika na kilo zilizovunwa. Baada ya msimu mmoja Daudi itakuwa na takwimu zake yenyewe, za udongo wake na baridi yake. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko semina tatu za kuhamasisha.

Kitunguu saumu hakikuingia Mbulu kwa siku moja. Watu walijaribu, wakapima, wakahifadhi mbegu iliyowafaa, wakapanua. Tangawizi inastahili heshima hiyohiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa tangawizi kibaba cha kwanza ni mbegu. Mwenye ndoo aijaze udongo mzuri Oktoba, na Julai atakuwa na chai yake, mbegu yake na jibu lake. Akishayapata hayo, soko likija atazungumza nalo akiwa amesimama.